Nani kakwambia, na yeye kasikia wapi? Namna hadithi za Mtume zinavyopimwa

Mtoto wa Tabora hulisikia neno "hadithi" sehemu mbili kabla hajajua kusoma. Usiku bibi anasema, "Hadithi, hadithi!" na wajukuu wanaitikia, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Asubuhi yuko madrasa, ustadhi anasema, "Hadithi ya kwanza," na chumba kizima kinapaza sauti, "Innamal a'malu bin-niyyat." Neno ni lile lile. Lakini kule uongo umeitwa kwa jina na kutandikiwa mkeka, na huku uongo umewekewa walinzi kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili. Wengi wetu tukishakua tunachanganya: tunaipokea hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwa kipimo cha hadithi ya bibi. Ikikolea utamu, imepita.

Na Tabora ndiyo mahali pasipofaa kabisa kufanya kosa hilo, kwa sababu hapa watu wanauza asali. Mnunuzi mzoefu wa asali ya miombo haonji akaishia hapo. Shira ya sukari nayo ni tamu. Atauliza imetoka pori gani, nani kairina, imepitia mikono ya nani hadi kufika sokoni, na lile dumu kabla ya kutiwa asali lilikuwa na nini. Hayo maswali manne, ukiyatoa kwenye dumu na kuyapeleka kwenye maneno, umeshaingia kwenye elimu ya hadithi.

Kila hadithi ina vipande viwili. Matini ni yale maneno yenyewe. Sanad (wengine husema isnadi) ni mlolongo wa majina ya waliopokezana maneno hayo. Tatizo la msomaji wa Kiswahili ni kwamba vitabu vyetu vingi vilivyofasiriwa hukata sanad yote na kumbakishia jina moja la mwisho: "Imepokewa kutoka kwa Abu Huraira." Yaani tunapewa asali bila dumu. Basi tuitazame hadithi ile ile ya madrasa kama ilivyo mwanzoni mwa kitabu cha Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria (870). Anasema: ametuhadithia Al-Humaidi, akasema, ametuhadithia Sufyan, akasema, ametuhadithia Yahya bin Said Al-Ansari, akasema, amenipa habari Muhammad bin Ibrahim At-Taymi kwamba alimsikia Alqama bin Waqqas akisema, nilimsikia Umar bin Al-Khattab juu ya mimbari akisema, nilimsikia Mtume wa Mwenyezi Mungu. Watu sita kati ya Bukhari na Mtume. Na angalia vitenzi: ametuhadithia, amenipa habari, alimsikia, nilimsikia. Hakuna hata kiungo kimoja kinachosema "kutoka kwa" tu. Tutaona baadaye kwa nini hilo ni jambo kubwa.

Mwenye kuikagua sanad hiyo huanza kwa kuwatambua watu. Sufyan yupi? Kuna wawili maarufu walioishi zama zinazokaribiana: Sufyan Ath-Thauri, aliyefariki mwaka 161, na Sufyan bin Uyayna, aliyefariki 198. Wote wawili wana walimu wa pamoja, kwa hiyo hujui kwa kumtazama mwalimu; unajua kwa kumtazama mwanafunzi. Al-Humaidi alikuwa mwanafunzi wa Ibn Uyayna, basi huyo ndiye. Halafu miaka: Ibn Uyayna alizaliwa 107, Yahya bin Said akafariki karibu na 143 au 144, kwa hiyo walikutana duniani kwa zaidi ya miaka thelathini. Kiungo kinawezekana. Hivyo hivyo kiungo kwa kiungo mpaka juu. Wanaoanza masomo haya hukosea zaidi hapo kwenye majina kuliko mahali pengine popote. Wanamkuta "Hammad" wanamchukua Hammad bin Zayd, kumbe ni Hammad bin Salama, na hukumu nzima inakwenda mrama.

Ibn as-Salah, aliyefariki mwaka 643 (1245), aliyakusanya masharti ya hadithi sahihi katika matano, na ndiyo yanayofundishwa mpaka leo: sanad iwe imeungana bila pengo, kila mpokezi awe mwadilifu, kila mpokezi awe mdhibiti, yaani kumbukumbu au maandishi yake ni ya kutegemewa, hadithi isiwe shadhi, yaani mpokezi mwaminifu asipingane na walio waaminifu zaidi yake au wengi zaidi, na isiwe na ila, yaani kasoro iliyojificha ambayo kwa nje haionekani. Matatu ya kwanza mtu anaweza kuyakagua akiwa na vitabu na subira. Mawili ya mwisho ni kazi ya mabingwa, kwa sababu hayaonekani ukiitazama sanad moja. Mpaka uzikusanye zote.

Nina jambo moja ninalotaka lieleweke kuliko mengine yote hapa. Watu hudhani elimu hii ilitungwa kuwakamata waongo. Waongo walikuwapo, na walikamatwa. Lakini sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kuyakamata makosa ya watu wema. Yahya bin Said Al-Qattan, mkaguzi wa Basra, alisema kwamba hawakuwaona watu wema wakisema uongo katika jambo lolote zaidi kuliko katika hadithi, na Imamu Muslim, aliyeyanukuu maneno hayo kwenye utangulizi wa kitabu chake, akafafanua: uongo unapita kwenye ndimi zao wala wao hawakusudii. Mcha Mungu anamdhania kila mtu wema, haulizi maswali, anasimulia alichokisikia. Uadilifu anao. Udhibiti hana.

Mfano wake ni Thabit bin Musa, mtu wa ibada. Aliingia kwenye darsa ya Sharik, naye Sharik yuko katikati ya kusomesha: ametuhadithia Al-A'mash, kutoka kwa Abu Sufyan, kutoka kwa Jabir, amesema Mtume... Hapo akanyamaza kidogo ili waandishi wamfikie. Kuinua macho akamwona Thabit anaingia, uso una nuru, akasema kwa kumsifu: "Mwenye kuswali sana usiku, uso wake hupendeza mchana." Thabit akadhani ndiyo matini ya ile sanad. Akaenda nayo, akaisimulia, na leo unaikuta ndani ya kitabu cha Ibn Majah. Hakuna aliyedanganya. Sanad ina watu wanaojulikana, maneno ni mazuri, na hayakutoka kwa Mtume. Na mimbari ngapi zimeyasoma!

Kosa kama hilo linagunduliwaje? Kwa kulinganisha. Sharik alikuwa na wanafunzi wengi; mbona wengine hawana maneno haya? Yahya bin Ma'in, aliyefariki 233, alikuwa na njia yake. Alikwenda kwa Affan, mwanafunzi wa Hammad bin Salama, kuvisikia vitabu vya huyo Hammad. Affan akamuuliza kama hajavisikia kwa mwingine. Akajibu, nimevisikia kwa watu kumi na saba. Affan akakataa kumsomea. Yahya akasafiri hadi Basra kwa Musa bin Ismail, mwanafunzi mwingine wa Hammad, akamwambia wewe ni wa kumi na nane. Akaulizwa unafanya nini na yote hayo? Akasema Hammad alikuwa akikosea, nami nataka kutenganisha kosa lake na kosa la wengine. Nikiwaona wanafunzi wake wote wamekubaliana juu ya kosa, najua limetoka kwa Hammad. Nikiwaona wamekubaliana na mmoja kaenda kivyake, najua kosa ni la huyo mmoja. Nakala kumi na nane za kitu kile kile! Ukisikia mtu anasema hadithi zilikusanywa tu kama uvumi wa sokoni, mpe hiyo idadi.

Kwa hiyo mkaguzi hukusanya kila njia ya hadithi, huchora mti wake, na hutafuta mahali matawi yanapogawanyika. Pale panapogawanyika ndipo mtu wa kuulizwa yupo. Je, mmoja ameipandisha hadi kwa Mtume na wengine wote wameishia kwa Sahaba? Je, mmoja kaongeza neno? Je, mmoja kataja jina ambalo wengine hawanalo? Hii ndiyo elimu ya ila, na ndiyo iliyowapa jina akina Ali bin Al-Madini, Abu Hatim Ar-Razi na baadaye Ad-Daraqutni. Hata kitabu cha Muslim hakikuachwa. Hadithi iliyomo humo, inayosema Mwenyezi Mungu aliumba udongo siku ya Jumamosi na kuendelea siku saba, Bukhari aliitaja katika kitabu chake cha historia ya wapokezi akasema kwamba baadhi wameisimulia kuwa ni maneno ya Ka'b, na hilo ndilo sahihi zaidi. Yaani Abu Huraira aliisikia kwa Ka'b Al-Ahbar, msimulizi aliyesilimu kutoka Uyahudi, mtu akaisimulia kana kwamba kaisikia kwa Mtume. Matini nayo ililishtua jicho, kwa kuwa Qurani inasema siku sita. Wale wanaodai wanazuoni hawakuwahi kuyatazama maneno yenyewe, wakatazama majina tu, hawajasoma upande huu.

Sanad yenyewe haikuulizwa tangu siku ya kwanza. Ibn Sirin, aliyefariki mwaka 110, anasema hawakuwa wakiuliza sanad, mpaka ilipotokea fitina, yaani Waislamu kupigana wao kwa wao, ndipo wakasema, tutajieni watu wenu. Na fitina ilileta pia waongo wa wazi. Hao silaha yao ilikuwa kalenda. Mtu mmoja, Umar bin Musa, alifika Homs, mji wa Shamu, akawa anasimulia kutoka kwa "shekhe wenu mwema." Ufayr bin Ma'dan akamuuliza shekhe gani? Khalid bin Ma'dan. Ulikutana naye mwaka gani? Mia na nane. Wapi? Vitani Armenia. Ufayr akamwambia amche Mungu: Khalid alikufa mwaka mia na nne, nawe unadai ulikutana naye miaka minne baada ya kufa, na nyongeza, hakupigana Armenia hata siku moja, alikuwa akipigana na Warumi. Hii ndiyo sababu vitabu vya wapokezi vimejaa tarehe za vifo, jambo linalomchosha msomaji mgeni.

Sasa turudi kwenye "kutoka kwa". Katika Kiarabu ni neno dogo, an. Mpokezi akisema "nilimsikia fulani" na si kweli, ni mwongo, kwisha. Akisema "kutoka kwa fulani," anaweza kuwa alimsikia, au alisikia kwa mtu wa katikati ambaye hataki kumtaja. Kumficha huyo wa katikati kunaitwa tadlis, na wako waaminifu wakubwa waliokuwa na tabia hiyo. Kwao kanuni ni ngumu: kama hajasema wazi kuwa kasikia, haipokelewi mpaka ipatikane njia nyingine anayosema amesikia. Ibn Ishaq, mwandishi wa sira, ni mmoja wao. Al-Walid bin Muslim alikuwa na ile mbaya zaidi: hafichi mwalimu wake, anaruka mtu dhaifu aliyeko juu kati ya waaminifu wawili, sanad ikatoka safi kama imepigwa deki. Na kwa mtu asiye na tabia hiyo, je, "kutoka kwa" inatosha? Bukhari alitaka ithibiti kwamba wawili hao walikutana walau mara moja. Muslim alitosheka na kuishi zama moja na kuwezekana kukutana, na akautetea msimamo wake kwa ukali katika utangulizi wake. Katika jambo hili namwona Bukhari yuko imara zaidi, ingawa aliyekutana na mtu mara moja bado si lazima awe alimsikia kila anachokisimulia.

Kumbukumbu nayo ina umri. Ata' bin As-Sa'ib alikuwa mwaminifu, akazeeka, akachanganyikiwa. Wanazuoni hawakumtupa mzima mzima. Waliwagawa wanafunzi wake: Shu'ba na Sufyan Ath-Thauri walimsikia kabla, zao zinapokelewa, Jarir bin Abdul-Hamid alimsikia baada, zake zina walakini. Mtu mmoja, hukumu mbili, kutegemea ulifika kwake mwaka gani.

Maneno ya sifa na kasoro, yaani jarh na ta'dil, yamehifadhiwa mtu kwa mtu. Ibn Hajar, aliyefariki 852 (1449), aliyafupisha katika kitabu chake Taqrib kwa ngazi kumi na mbili: ya kwanza Masahaba, ya mwisho mtunga uongo. Kitabu hicho kila mwanafunzi anacho simuni siku hizi, na kina mtego. Ngazi ya sita anaiita maqbul. Sisi kwa Kiswahili tukisikia "makubuli" tunasikia "imekubaliwa," na nimeona darsa za mtandaoni zikiisahihisha hadithi, yaani kuihukumu kuwa sahihi, kwa neno hilo. Ibn Hajar mwenyewe kaeleza kwenye utangulizi: anakubaliwa akipata wa kumuunga mkono, la sivyo ni laini. Kwa hiyo maqbul akiwa peke yake ni dhaifu. Mtego mwingine ni maneno "wapokezi wake ni waaminifu," anayoyatumia sana Al-Haythami. Hapo umeambiwa masharti mawili kati ya matano. Hujaambiwa kama sanad imeungana, wala shadhi, wala ila. Tena mkaguzi akisema "sanad yake ni sahihi" hajasema "hadithi ni sahihi", na huenda kauchagua ule msemo mfupi kwa makusudi.

Na si kila neno la kasoro linabebwa lilivyo. Imamu Malik alimsema Ibn Ishaq kwa maneno mazito, akamwita dajali miongoni mwa madajali. Wengi hawakuyachukua, kwa kuwa walikuwa wa zama moja na mji mmoja na kulikuwa na jambo kati yao. Kasoro iliyoelezwa sababu hutangulia sifa. Kasoro ya hasira ya wenzi huwekwa pembeni. Upande wa wanawake, Adh-Dhahabi alisema hajui mwanamke yeyote aliyetuhumiwa uongo wala aliyeachwa na wanazuoni. Sentensi hiyo ingefaa kusomwa misikitini kwetu, ambako kina mama wanawekwa nyuma ya pazia hata wakati wa darsa ya hadithi.

Tuchukue sasa mfano kamili, ule ambao hakuna Ramadhani inayopita Tabora wala Ujiji bila kusikika: "Kumi la mwanzo ni rehema, kumi la kati ni maghufira, kumi la mwisho ni kuachwa huru na moto." Ni kipande cha hotuba ndefu inayosemwa Mtume aliitoa siku ya mwisho ya Shaabani. Ndani yake ndimo pia imo ile ya kwamba sunna hulipwa kama faradhi na faradhi kama faradhi sabini.

Kwanza, imo wapi? Katika kitabu cha Ibn Khuzayma, aliyefariki 311. Mtu akifika hapo hushangilia, kwa sababu kitabu kinaitwa Sahihi. Lakini soma kichwa cha mlango: "ikiwa habari hii imesihi." Mwenye kitabu mwenyewe kaiwekea shaka mlangoni, na wanaonukuu huingia bila kusoma kibao. Pili, sanad: kutoka kwa Ali bin Zayd bin Jud'an, kutoka kwa Said bin Al-Musayyib, kutoka kwa Salman. Said ni katika vigogo wa Madina. Ali bin Zayd ukimfungua katika Taqrib utakuta neno moja: dhaifu. Kasoro yake ni kumbukumbu, hakutuhumiwa uongo. Muslim kamtaja katika kitabu chake, ila akiwa amefungwa pamoja na mpokezi madhubuti. Hapa yuko peke yake. Tatu, je, wanafunzi wengine wa Said, mtu aliyezungukwa na wanafunzi, wanaijua hotuba hii? Hapo ndipo inapoanguka. Hotuba ndefu namna hiyo, ya jambo linalowahusu Waislamu wote kila mwaka, aipate mtu dhaifu peke yake? Abu Hatim Ar-Razi alipoulizwa alisema ni munkar, yaani ya kukataliwa. Nne, matini: hadithi zilizo imara zinasema milango ya rehema hufunguliwa Ramadhani inapoingia, bila kugawa mafungu, na Tirmidhi kapokea kwamba kuachwa huru na moto ni kila usiku. Mgao wa kumi kumi unaibana rehema ambayo huko ni pana.

Kwa hiyo ni dhaifu. Haina maana kwamba asemaye "kumi la rehema" amefanya dhambi. Kosa liko kwenye kusema "Mtume kasema," kwa uthabiti. Wanazuoni walikuwa na kitenzi cha pembeni kwa ajili hiyo, ruwiya, "imepokewa", bila kumtaja aliyesema. Khatibu mwenye tahadhari anaweza kufanya hivyo hivyo kwa Kiswahili, na maamuma wasiojua hawatahisi tofauti, ila yeye kajitoa.

Mengine niyapitie haraka. "Pepo iko chini ya nyayo za mama": kwa tamko hilo njia yake imevunjika vibaya, lakini maana unayo katika Nasai, kisa cha Jahima aliyetaka kwenda vitani, Mtume akamwambia akae na mama yake, kwani Pepo iko chini ya miguu yake. "Usafi ni sehemu ya imani": tamko lililothibiti ni la Muslim, "twahara ni nusu ya imani." "Kuipenda nchi ni katika imani," kipenzi cha majukwaa, haina sanad kabisa, hapo hakuna hata cha kukagua.

"Tafuteni elimu hata China" inahitaji maneno zaidi. Inazunguka kwa Abu Atika kutoka kwa Anas, na huyo Abu Atika, Bukhari alisema ni munkar wa hadithi, yaani mtu ambaye hadithi zake hukataliwa. Ibn al-Jawzi akaiweka katika kitabu chake cha hadithi za kutungwa. Mara nyingi hushonewa mkia: "kwani kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Mwislamu." Mkia huo una maisha yake. Umo katika Ibn Majah, na ndani ya sanad yake yumo Hafs bin Sulayman. Ndiyo, yule yule Hafs ambaye msahafu ulioko msikitini kwenu unasomwa kwa kisomo chake kutoka kwa Asim. Katika Qurani ni imamu. Katika hadithi Ibn Hajar anasema ameachwa. Hakuna mgongano. Mtu aliyetumia umri wake wote kwenye fani moja anaweza kuwa hovyo kwenye nyingine, na wakaguzi hawakumwonea haya. Hata hivyo maneno hayo yana njia nyingi nyingine, na Al-Mizzi aliona kwa wingi wake yanafika daraja ya hasan, yaani nzuri, chini kidogo ya sahihi. Kipande kimoja cha sentensi kimesimama, kingine kimeanguka.

Hapo watu huchukua kanuni wakaivuta kupita kiasi: njia dhaifu zikiwa nyingi, hadithi inapanda. Inategemea udhaifu wa nini. Udhaifu wa kumbukumbu au pengo dogo unazibwa na njia nyingine inayojitegemea. Mpokezi mwongo au aliyeachwa hazibwi na kitu. Waongo kumi ni genge, hawawi shahidi. Na lazima njia ziwe kweli tofauti, zisiwe zote zimechotwa kisima kimoja.

Arbaini ya Nawawi, ambayo kwa hakika ina hadithi arobaini na mbili, ndiyo inayohifadhiwa zaidi kwenye madrasa zetu. Hadithi ya arobaini na moja, "Hataamini mmoja wenu mpaka matamanio yake yafuate niliyokuja nayo," Nawawi kasema ni sahihi. Ibn Rajab, mfafanuzi wa kitabu hicho hicho, akasema kuisahihisha ni mbali sana, na akaeleza sababu, mojawapo ikiwa ni Nuaym bin Hammad aliyejitenga nayo. Mwanafunzi wa darasa la tatu anaweza kuambiwa hili. Halimvunjii Nawawi heshima. Linamfundisha kwamba hukumu ina hoja.

Je, hadithi dhaifu itumike kwenye fadhila? Nawawi na wengi waliruhusu, wengine wakakataa moja kwa moja. Ibn Hajar aliweka masharti matatu: udhaifu usiwe mkali, jambo liwe chini ya asili iliyothibiti, na mtu asiitakidi kwamba Mtume kalisema. Sharti la tatu ndilo linalovunjwa kila Ijumaa.

Kuhusu simu. Ujumbe wa "mwenye kuwapasha watu habari ya kuingia Ramadhani ameharamishiwa moto" hauna asili. Ule wa ndoto ya Shekhe Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume, una ukoo mrefu: mwaka 1908 barua ya namna hiyo ilizunguka pwani ya kusini, Lindi, mpaka maafisa wa Kijerumani wakashikwa na hofu. Ukiletewa ujumbe, tazama kwanza kama una kitabu na namba. Kama ni Bukhari, namba za chapa zilizozoeleka zinaishia 7563; ukiona zaidi ya hapo, mtumaji hakufungua kitabu. Kama namba ipo, fungua, kwa sababu mara nyingi kilichoko kwenye namba hiyo ni kitu kingine. Kama imeandikwa "kapokea Tirmidhi" tu, kumbuka Tirmidhi ana sahihi na dhaifu, na mwenyewe huandika hukumu chini ya hadithi; uliza kaandika nini. Programu za kutafutia zinakupa mahali ilipo, hazikupi hukumu.

Na kuna kisa ambacho kila darsa ya elimu hii hukisimulia: Bukhari kafika Baghdad, wenyeji wakachukua hadithi mia, wakazichanganya sanad na matini, wakawagawia watu kumi, kila mmoja kumi. Akasikiliza zote akisema "siijui," kisha akamrudia wa kwanza na kurudisha kila sanad kwenye matini yake, mpaka mia zikaisha. Sanad ya kisa hicho? Ibn Adi anasema, nimewasikia mashekhe kadhaa wakisimulia. Hakuwataja majina. Swali hilo liliulizwa, na As-Sakhawi akajibu kwamba kutojulikana kwao hakudhuru hapa, kwa kuwa ni kundi, na wingi wao unaziba pengo la majina yao.